Mke Wangu Ameacha Kantri

Musaga, Bujumbura
20 Aprili 2025

Mume wangu wa kwanza, Babu Shaabani,

Asalaam alaykum. Salamu nakupa haraka kabla mtoto hajaamka, maana akiamka zitakatika katikati na wewe utasema mjukuu wako hana adabu. Huku wote wazima. Faruk anakusalimia, anasema magari mabovu ya mji huu yote yameamua kufia mlangoni kwake. Soumaya ametoa meno mawili na yote mawili ameyajaribu kwenye bega langu. Mama Esperance, mwenye nyumba yetu, anauliza kama kule Kigoma wanakupa mboga au ni samaki tu. Nikamwambia Babu akipewa samaki haulizi mboga.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya Baba mdogo inasikilizwa na nyumba nzima, na hapa kwangu simu ikilia tu mtoto anaruka. Barua naiacha dukani kwa mjomba wa Faruk, pale sokoni, na yule muuza dagaa wa Kigoma anayeitwa Tajudini ataipitia. Simjui, lakini wanasema ni mtu wa dini sana, hata dagaa zake hazina mchanga.

Sasa Babu, lini unarudi? Ulisema unakwenda kwa Baba mdogo kutibiwa goti, mwezi mmoja tu. Ulikwenda Soumaya hajajua kukaa, sasa anatambaa na kula sabuni. Prudence, yule mama wa hoteli ya Kinindo tulikokuwa tunaimba nyimbo zetu za kantri kila Jumapili, ametupa jioni nzima, tarehe 26 Julai. Safari hii si kuimbia watu wanaotafuna mishikaki. Ni konseri yenyewe, watu wamekaa wanatazama. Mi nataka ukae pembeni yangu na gitaa lako kama siku zote. Bila wewe sitaki kupanda pale.

Kuna jambo lingine, dogo. Nimeanza mazoezi na vijana wawili wa Mutanga Sud. Armel anapiga gitaa la umeme, Christa anapiga batri, zile ngoma nyingi za kukalia kiti. Nyimbo zao zina kelele kidogo kuliko zetu. Kidogo tu.

Ameamka.

Mkeo na mjukuu wako,
Saliha


Kigoma
11 Mei 2025

Kwa mke wangu Saliha, nyota ya Bujumbura, kama bado unastahili,

Wa alaykum salaam. Nimeipokea barua yako ikinuka dagaa. Huku tunamshukuru Mungu. Baba yako mdogo mzima, mke wake anapika vizuri ila anaamini chumvi ni dhambi. Jirani ana mbuzi wenye kiburi. Goti langu linakwenda na kurudi, siku nyingine liko hapa, siku nyingine silijui liko wapi.

Mpe salamu huyo kijana Faruk, mwenzangu. Mwambie bado sijasahau aliniibia mke mchana watu wakiona, akanipa kanzu moja tu ya kunifuta machozi.

Sasa tuongee kama mume na mke. Umeandika "kelele kidogo". Juzi nimekaa barazani, kijana mmoja akatoa simu akasema, "Mzee, huyu si yule bibi yako anayeimba?" Nikavaa miwani. Saliha! Nilidhani umevamiwa na nyuki. Kichwa kinakwenda huku, nywele zinakwenda kule, mtandio umeshuka shingoni, kofia yangu ya kantri haionekani kabisa. Huyo msichana anazipiga zile ngoma kama zimemtukania mama. Na sauti, ile niliyokufundisha kuishika kama yai, umeitupa ukutani!

Nisikilize. Mimi sijawahi kumiliki ng'ombe. Ng'ombe wa pekee tuliyejuana naye alinikimbiza Rumonge mpaka nikapanda juu ya pikapu, wakati ule namwendesha yule Mmarekani wa mifugo aliyenifundisha gitaa. Lakini nimeimba ng'ombe maisha yangu yote, na Warundi wenye ng'ombe zao wamelia machozi mbele yangu, mtu wa Buyenzi asiye na hata kuku. Kwa nini? Kwa sababu kantri ni ng'ombe anayekwenda majini, anajua njia, hana haraka. Hiyo kelele yenu mnayoiita roki ni ng'ombe aliyeingia kwenye duka la sahani.

Basi nakupa neno. Chagua. Ni mimi na kantri, au ni huyo bwana Roki. Ukimchagua yeye, mimi nakupa talaka na tarehe 26 utanitazamia barabarani mpaka shingo irefuke.

Mumeo mwenye uchungu,
Shaabani


Musaga
1 Juni 2025

Babu,

Salamu zangu uzipokee hata kama umenuna. Soumaya hajambo, sabuni ameacha, sasa anakula mchanga. Faruk anasema kanzu zilikuwa mbili, moja uliigawa mwenyewe.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, halafu utatukana vizuri ukiwa unajua unachotukana.

Mtoto huyu halali, Babu. Nimembeba, nimemwimbia, nimemwimbia nyimbo zako zote za ng'ombe, polepole, kama yai. Analia juu yake. Siku moja nilimpelekea Faruk chakula garajini, mtoto analia tangu barabarani mpaka wauza ndizi wananihurumia. Tunaingia tu, Faruk anawasha ile mashine ya kukata chuma. Cheche zinaruka, kelele mpaka meno yanauma. Mtoto kimya. Nikamtazama: amelala! Mdomo wazi, kama mzee baada ya pilau.

Basi ikawa kila siku mi garajini. Faruk akaileta mashine nyumbani jioni, Mama Esperance akatoka na ufagio: "Mu nyumba yangu apana kukata chuma, hata kama ni ya kulalisha mutoto!" Wiki ile ile Armel akaja kuchomelewa sanduku lake la sauti, ile ampli. Akalijaribu pale pale garajini. Gitaa likalia kama ile mashine, ila lenyewe lina wimbo ndani. Soumaya akapiga miayo.

Nikamwambia Armel, endelea, usiache, nitakupa chai. Na mimi nikaanza kuimba juu yake ule wa ng'ombe anayekwenda majini. Sauti yangu sikuisikia. Nikapandisha. Bado. Nikapandisha tena, na hapo Babu ikatoka sauti nyingine, kutoka chini kabisa, sikujua kama nilikuwa nayo. Christa, aliyekuwa amekuja naye, akasema, "We mama, hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

Sikukuacha. Nilikuwa natafuta usingizi.

Lakini sitarudi nyuma, nakuambia mapema kwa heshima. Asubuhi mi mama, mchana mama, usiku mama. Ile saa ya mazoezi peke yake ndiyo ninapopiga kelele mimi badala ya mtoto. Hiyo saa sikupi, hata wewe.

Na usinitishe na talaka. Njoo tu. Mke wa Baba mdogo alimwambia mama kwamba kila jioni unakwenda kwa miguu mpaka ziwani na kurudi. Kumbe goti limepona. Sasa ni nini?

Saliha


Musaga
22 Juni 2025

Babu Shaabani,

Salamu ni za kawaida. Umefanya nini?

Nilingoja barua yako. Barua haikuja. Amekuja Tajudini mwenyewe, na mguu wake, na kanzu yake, na gunia la dagaa begani, uso kama mtu anayeleta habari ya msiba. Mi nafua nepi uani. Faruk ameketi kwenye mkeka na singileti, anakula.

"Nyumba ya mke wa Mzee Shaabani ni hii?"

Nikasema ni hii, karibu. Nimezoea, Babu! Tangu nizaliwe mi ni mke wa Mzee Shaabani, ningejibu vipi?

Akamtazama Faruk. "Na huyu?"

"Huyu mume wangu."

Gunia likashuka lenyewe. "Mume wako. Mzee Shaabani anajua?"

Faruk, mdomo umejaa ugali, akasema, "Anajua sana. Si yeye alinipa? Mpaka harusi alicheza."

Tajudini akakaa kwenye ndoo ya nepi. Sikuwahi kumzuia. "Astaghfirullah. Mzee wa watu. Kumbe ndiyo maana kila jioni anatazama ziwa." Halafu akasimama, amelowa nyuma, akasema maneno yako kama yalivyo: "Nimetumwa. Mzee amesema mbele ya baraza zima, 'Mwambie mke wangu Saliha nimempa talaka, kwa sababu ya bwana Roki.'" Akamgeukia Faruk. "Roki ni we?"

"Mi ni fundi wa magari."

Nikacheka. Hapo nilikosea. Nikamwambia, ndugu yangu, yule ni babu yangu mzaa baba, anatania, si unajua babu na mjukuu? Akasema anajua utani, hata yeye ana bibi. "Lakini dada, utani ni wa dakika mbili. Mzee amekuja Kigoma, kila siku anasema mke wangu mwimbaji, mke wangu yuko Bujumbura, amesalimiana na mtu gani bila kumtaja mke wake? Watu wazima wanatania miezi yote hiyo? Na talaka haina mzaha, hata ukicheka imekwenda."

Neno talaka likaruka ukuta. Mama Esperance akaingia na bakuli la unga wa kunifariji. "Yampayinka, jamani! Nilisema mi! Chuma mu nyumba hailetake amani! Faruk, we, mutu na mutoto mudogo hivi!" Akampiga Faruk mwiko wa mgongo, na Faruk bado hajameza.

Tajudini akaniambia niingie ndani nikae eda. Miezi mitatu! Sitoki, siimbi, sionekani. Nikamuuliza, eda ya babu yangu? Akasema yeye ni mjumbe tu. Sheikh wa mtaa tulimwita, alicheka mpaka akashika mlango, lakini Tajudini anasema neno analichukua kwa aliyemtuma, basi. Na kila anapouza dagaa anawahadithia watu, kwa huruma kabisa. Jana Prudence amenipigia: "Saliha, nasikia hauwezi kutoka nyumbani miezi mitatu? Mimi picha zako zimebandikwa mpaka Rohero!" Amenipa mpaka mwanzo wa Julai, asiposikia jambo safi anatafuta mwingine.

Kwa hiyo Babu, utakaa chini, utaandika kwa mkono wako, utasema mbele ya hao watu wako mimi ni nani. Utani una mipaka, na mpaka ni hapa mlangoni kwangu. Nakupenda. Andika.

Saliha, mjukuu. Kwa leo ni mjukuu tu.


Kigoma
30 Juni 2025

Mjukuu wangu Saliha,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye ndoo, na utaelewa.

Nilipofika huku walikuwa wananiita Mzee wa Goti. Nikipita, "Mzee wa Goti, pole." Siku moja nikasema mke wangu ni mwimbaji. Nilisema kama tunavyosema nyumbani, sikuwa na nia mbaya. Wakanigeukia wote. Mmoja akaniuliza ana umri gani. Nikasema ukweli. Wakanipisha kiti, kile chenye mgongo. Kesho yake kikawa kinaningoja. Ningefanyaje, mjukuu wangu? Kilikuwa kiti kizuri.

Basi Tajudini aliporudi alinisimamisha pale pale barazani, kama kadhi. "Mzee, yule ni mke au ni mjukuu?" Nikasema ni mjukuu. "Wallahi?" Wallahi. Walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga birika. Kiti amepewa mwingine. Sasa wananiita Mtaliki.

Tajudini anakuja kukuomba radhi, na dagaa juu yake. Atapita kwa sheikh na kwa Prudence, yeye mwenyewe kasema, na ukimwona utajua halali usingizi kwa aibu. Hakuna talaka, hakuna eda. Imba unavyotaka. Niliposikia habari ya garaji nilicheka peke yangu nimegeukia ukuta, lakini sikutaka kuandika.

Amebeba na gitaa langu. Mpe Soumaya akikua, hata kama atalipigia makelele. Tarehe 26 usiniwekee nafasi. Goti.

Babu yako,
Shaabani


Musaga
12 Julai 2025

Babu yangu,

Nakusalimu polepole leo. Soumaya amelala mwenyewe, nadhani ameona uso wangu akanihurumia.

Tajudini alifika. Aliomba radhi kwangu, kwa Faruk, kwa Mama Esperance, mpaka kwa ile ndoo. Prudence ameridhika, konseri ipo. Na dagaa tunakula asubuhi na jioni. Hayo yamekwisha.

Lakini gitaa liliwekwa mezani, tukaliangalia wote. Wewe uliwahi kumkataza mama asikupake dawa karibu nalo, lisije likanuka. Mtu kama huyo anatuma gitaa lake na gunia la dagaa?

Nikampigia Baba mdogo, nikamwambia toka nje, mbali na watu, useme kweli. Akasema. Goti halijawahi kuuma. Ni mkono wa kushoto. Vidole viwili vya pembeni, cha pete na cha mwisho, havikunjiki tangu mwezi wa kwanza, na daktari alisema vitabaki hivyo. Ulikimbilia Kigoma ili mi nisione siku moja Jumapili kamba inakushinda mbele ya watu.

Nimekaa na hiyo habari tangu juzi, kila nikitaka kukugombeza nalia, kila nikitaka kulia mtoto anataka kunyonya. Basi nitasema langu moja, ambalo nalo sikutaka kuandika.

Ulipoondoka nilijaribu kuimba kantri peke yangu. Prudence alinipa Jumapili mbili. Kila wimbo, Babu, una mahali pako. Ubeti unaisha, mi nanyamaza, gitaa lako linajibu. Nikawa nanyamaza, hakuna anayejibu. Watu wanatafuna mishikaki, mi nimesimama na kofia kichwani kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Jumapili ya pili nilitoka katikati nikasema mtoto analia. Mtoto alikuwa Musaga. Ndiyo maana nilipoisikia ile kelele ya Armel sikuiachia. Ilijaza pale pote, haikuacha tundu.

Sasa sikiliza, na hili si ombi. Nimemwita Armel, nikamwambia nionyeshe mkono wako wa kushoto. Babu, anapiga kwa vidole viwili! Cha shahada na cha pete, basi, anavisukuma juu na chini, vile vingine vinaning'inia tu. Nikamwambia, hata cha pete kikikataa? Akasema cha kati kinatosha. Nikamuuliza mara tatu kwa sababu nilidhani ananifariji. Christa akasema hivyo ndivyo watu wote wa roki wanavyopiga, ni siri yao, wanatikisa kichwa ili usitazame mkono.

Viwili unavyo. Gitaa sikulipokea, liko juu ya kabati, hakuna atakayeligusa. Tajudini yuko njiani kurudi huko na barua hii, na akija tena atakuja na wewe, nimemwambia ndiyo kafara yake. Usimwambie umechoka. Usimwambie goti.

Mkeo tena,
Saliha


Kigoma
20 Julai 2025

Mke wangu,

Salamu baadaye, nina haraka na mkono mmoja unauma kwa kazi.

Baba yako mdogo nitamtoza faini kwa kuuza siri. Siku barua yako ilipofika nilikasirika mpaka magharibi. Baada ya isha nikaazima gitaa la umeme kwa kijana wa kanisani hapo jirani, na ampli yake, nikajifungia. Nikaweka vidole viwili mahali nilipodhani. Nikapiga mara moja tu.

Mbuzi wa jirani wamekata kamba. Mmoja bado hajaonekana. Mke wa baba yako mdogo aliingia na sufuria mkononi akidhani ukuta umeanguka, akanikuta nimesimama. Mimi, Saliha, ambaye hupiga nimekaa. Sikumbuki kusimama.

Nikapiga tena.

Jirani alikuja kugombana, tukaelewana. Jana barazani nimewapigia, wamekimbia wote na kiti cha mgongo kikabaki kitupu, nikakikalia.

Tunafika Alhamisi mimi na Tajudini, barua hii inatangulia na mwenzake wa dagaa. Anasema atakaa nyuma kabisa na pamba masikioni, lakini atakaa. Mwambie huyo Armel anionyeshe vizuri mahali pa kuweka vidole, huku nimeweka kila mahali. Mwambie Faruk, mwenzangu, anitafutie ampli kubwa kuliko ya Armel, mimi ni mtu mzima. Kichwa sitikisi. Labda kidogo.

Na tukianza, wewe na hao vijana msinihurumie. Mkipiga polepole kwa ajili yangu, narudi zangu Kigoma usiku ule ule.

Mumeo wa kwanza,
Shaabani